Binti anaingia S.1 (kidato cha kwanza): shule ya serikali au ya binafsi, wapi analala salama?

MzaziBusia

Wadau, salaam. Matokeo ya P.7, darasa la saba la hapa kwetu Uganda, yametoka, binti kafanya vizuri, na tangu siku hiyo nyumbani hatuelewani. Mama yake anataka shule moja ya binafsi kule barabara ya Jinja. Ukuta mrefu, kamera getini, basi lenye jina la shule ubavuni, na ukienda kuulizia wanakukalisha kwenye kochi na kukupa soda. Mimi moyo wangu uko kwenye shule ya serikali ya zamani aliyosoma dada yangu.

Habari za ufaulu msiniletee, huko kote wanafaulisha. Nauliza tabia na usalama. Jirani mmoja ananiambia watoto wa serikali ni wahuni, hawana mwenyewe. Mwingine kijana wake yuko binafsi, naye ananinong'oneza kwamba huko ndiko bangi inakoingia kwa sababu ndiko kwenye hela. Aliyefanya kazi ndani ya hizi shule aseme. Nasubiri.

Dereva wa Malaba

Mzee, hiyo soda imo ndani ya karo, utailipa tu. Mengine nawaachia waliosoma.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mzazi, tutenganishe kwanza, maana watu wakisema "shule ya serikali" wanatia kwenye gunia moja vitu visivyokaa pamoja. Kuna zile kongwe za makanisa: Namilyango ya 1902, Gayaza ya 1905, King's College Budo ya 1906. Serikali inapeleka walimu na kuwalipa, kanisa lina kauli yake kwenye bodi, na mzazi anatoa karo ambayo binafsi nyingi za huku kwetu hazithubutu kuitaja. Halafu kuna shule za UPE, yaani msingi bila karo, zilizojaa tangu 1997, na za USE, sekondari bila karo, tangu 2007. Msichana wa Gayaza na msichana wa shule ya USE huku vijijini Tororo wote ni wa serikali, lakini wanakutana kwenye karatasi ya UNEB tu, ule mtihani wa taifa.

Binafsi vilevile. Ipo ya bwawa la kuogelea na ipo ya mabati iliyoanza kabla ya kupata leseni. Mnakumbuka shule za Bridge, zile za binafsi za karo nafuu? Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliafiki zifungwe, na hoja zilikuwa leseni na hali ya usafi, si matokeo ya mtihani.

Sasa tabia. Nimefundisha serikali mpaka nikastaafu, kisha nikashika vipindi kwenye shule za binafsi. Katika shule ya kutwa ya USE nidhamu inaharibika saa saba mchana. Sheria ya Elimu ya 2008 inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Mzazi asiyechangia posho na maharagwe, kengele ikilia mtoto wake hana sahani. Anafanya nini? Anatoka anakwenda senta. Senta kuna kibanda cha video, kuna meza ya puli, na kuna kijana wa bodaboda mwenye hela ya rolex, ile chapati ya mayai. Msichana wa S.2 ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana usiku, kila mchana mtu huyohuyo anamnunulia chapati na mayai mawili. Baada ya muhula mmoja mnamwita ofisini, mnamsomea kanuni za shule! Nimekaa kwenye vikao hivyo, najua tulivyokuwa tunakwepa kutazamana usoni.

Mtoto wa binafsi yuko ndani ya ukuta na anakula. Hilo silikatai. Ugomvi wangu na binafsi ni jambo likitokea ndani ya huo ukuta. Mwalimu wa sekondari ya serikali akimgusa mwanafunzi, kuna njia ya karatasi: mkuu wa shule, ofisa elimu wa wilaya, Tume ya Utumishi wa Elimu. Faili linatembea kwa mwendo wa kinyonga, na mara nyingi mtu anahamishiwa mbali badala ya kufikishwa mahakamani, aibu kubwa. Lakini faili lipo, na mzazi mkaidi anaweza kulifukuzia. Binafsi mkurugenzi anamwita mwalimu jioni, anampa mshahara wa mwezi, asubuhi hayupo. Watoto wanaambiwa amepata kazi nzuri kwingine. Na kweli amepata! Muhula ujao yuko shule nyingine palepale barabarani.

Mkurugenzi wa Shule

Mwalimu, unatupaka matope wote kwa brashi moja. Nina shule ndogo ya binafsi, bweni na kutwa, nayo najibu kwa jina langu. Mtoto mmoja akiumia kwangu, habari iko kwenye WhatsApp za wazazi kabla ya chakula cha jioni, na muhula unaofuata viti vitupu. Kule serikalini mtoto akivunjika mguu mshahara wa mkuu unaingia tarehe ileile. Nani kati yetu ana sababu ya kuwa macho?

Na usisahau viboko. Wizara ilikataza kwa waraka mwaka 2006, Sheria ya Watoto ikarekebishwa 2016 ikavipiga marufuku kabisa shuleni. Ingia shule ya UPE yenye watoto mia darasa moja, mwalimu mmoja, uone kama fimbo imeondoka.

Mwalimu Mstaafu

Na kwako ilikwenda wapi, mheshimiwa?

Mkurugenzi wa Shule

Kwangu wazazi ndio wanaiulizia. Kuna baba alimleta kijana wake wa S.3 akaniambia mbele yake, "Huyu mkimbembeleza namtoa." Nikimwambia sheria hairuhusu anaona shule ni legevu. Walimu wangu nawakataza. Nikiwa safarini, siwezi kuapa.

Askari wa Geti

Habari zenu wazee. Mimi nilikuwa jeshini, sasa nalinda shule. Nimelinda ya serikali moja na za binafsi mbili. Nyinyi mnaongea shule ya mchana. Mimi naijua ya usiku.

Bweni la wasichana, hapa nilipo sasa, lina mlango wa chuma. Mmoja. Saa nne matroni anahesabu vichwa, anatoka, anapiga kufuli kwa nje, anakwenda nyumbani kwake na funguo ndani ya kanga. Ukimuuliza, anasema wasichana wasiruke ukuta. Madirisha yana nondo, hizo ni za wezi wa magodoro. Ndani vitanda vya deka tatu, na kati ya kitanda na kitanda yamepangwa masanduku ya chuma ya wanafunzi, kwa hiyo njia unapita ubavu. Umeme ukikatika, na unakatika, kuna mtoto anayetaka kumaliza hesabu zake kwa mshumaa ndani ya neti. Mtungi wa kuzimia moto upo, umening'inizwa ofisini kwa mhasibu. Nimeuangalia: mshale umelala kwenye nyekundu.

Sasa moto ukishika, nani anafungua? Mimi ninaye mbwa, tochi na rungu. Funguo sina.

Msifikiri natunga. Shule ya msingi ya Budo Junior, Aprili 2008, wasichana karibu ishirini waliteketea bwenini. Manya kule Rakai, Novemba 2018, bweni la wavulana. Shule ya Salama ya wasioona kule Mukono, Oktoba 2022, watu 11. Kila mara tume inaundwa, wakubwa wanakuja na magari, mafundi wanaongeza mlango wa pili kwenye shule tatu nne za jirani, halafu mlango wa pili nao unapigwa kufuli.

Shule ya serikali niliyolinda haikuwa na ua wa maana. Ng'ombe wa watu walikuwa wanapita uwanjani na vijana walikuwa wanatoroka kwenda kuangalia mpira. Kero tupu kwangu. Lakini bweni lilikuwa na milango miwili na komeo zake zilikuwa za ndani. Mzazi akiniuliza wapi mtoto atabaki hai usiku, namwambia kule kwenye ng'ombe.

Halafu mshahara. Mlinzi anayelipwa laki na nusu kwa mwezi, mchana anapalilia bustani ya mwenye shule, usiku unamtaka awe macho? Kamera ile ya getini nayo, muulizeni nani anaiangalia. Hapa kwetu televisheni yake iko sebuleni kwa mkurugenzi.

Dereva wa Malaba

Afande, hii umenitisha. Wangu yuko bweni sasa hivi ninavyoandika. Nampigia matroni.

Mama wa Kasese

Afande ametaja mlango, na mimi natoka upande wa Mpondwe, kwa hiyo nitasema kidogo tu.

Tarehe 16 Juni 2023 usiku waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Ilikuwa ya binafsi, mpaka wa Congo uko pale, unafika kwa miguu. Walikufa watu 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Wavulana walijifungia bwenini, wakachomwa humohumo. Wengine walibebwa kuvushwa Congo. Baada ya mazishi nilisikia watu wa Kampala redioni wakisema wazazi wa kule wangewapeleka watoto serikali, serikali ina ulinzi. Hao hawaijui Kichwamba. Juni 1998, chuo cha ufundi cha serikali, huku huku chini ya Rwenzori, ADF haohao, vijana karibu 80 walichomwa mabwenini. Shule ya wasichana ya Aboke nayo 1996, watawa walikuwepo na nondo madirishani zilikuwepo, na waasi wa LRA wa Kony waliwachukua wasichana 139 usiku mmoja. Sista Rachele, mmoja wa watawa hao, akawafuata porini akarudi na 109.

Kwa hiyo mimi ubao wa getini siuangalii tena. Wangu nimewatoa bweni, wanasoma kutwa. Na nisiwadanganye, kutwa nako kuna yake. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri giza halijaondoka. Kuna bodaboda anabeba watoto wanne, mmoja kakaa kwenye tangi. Nimepatana na mama wawili wa mtaani, tunapokezana kuwasindikiza mpaka lami.

MzaziBusia

Mama, pole sana. Asante kwa kuandika.

Kuhusu tabia bado sijajibiwa vya kutosha. Nani amesoma pande zote mbili?

Kijana wa Juzi

Mimi. S.1 mpaka S.4 binafsi, S.5 na S.6 serikali, moja ya zile kongwe. Nimemaliza majuzi.

Serikali fujo unaiona kwa macho. Ukiingia mgeni wakubwa wanakutuma maji, wanakula grabu yako, vile vyakula ulivyotoka navyo nyumbani, wanakuamsha usiku uimbe. Wanaita mila ya shule, na wazee waliosoma pale wakija kutembea wanacheka wakikumbuka. Binti yako atakutana nayo, labda kwa upole kidogo. Lakini shule yote inajua nani ni mnyanyasaji, na ukipata prefekti wa maana anakusaidia. Kuna mwalimu mlezi wa wasichana, ana ofisi, ana kiti, anaonekana.

Binafsi tulikuwa tunakaguliwa mpaka soksi. Wazazi wakija siku ya kutembelea, nyasi zimekatwa, tumepanga mistari, "good afternoon our beloved parents" kwa sauti moja. Hiyo ndiyo tabia nzuri wanayowauzia. Kuba ilikuwa inaingia kupitia kwa mpishi. Ile unga ya tumbaku, pakiti moja inagawanywa kwa vijiko. Mairungi, yaani miraa, ilikuwa inaingia kwenye mkate uliochimbwa katikati. Waragi wa pakiti, ile pombe kali, ulipopigwa marufuku 2019 kikaanza kichupa kidogo cha plastiki, kinafichwa ndani ya buti la mpira. Walimu walijua baadhi. Aliyekuwa anakamatwa ilitegemea baba yake ni nani. Darasani kwetu walikamatwa wawili na kosa moja, simu na bangi. Mmoja alifukuzwa wiki hiyohiyo. Wa pili baba yake alileta lori la saruji, tukamwona Jumatatu asubuhi kwenye paredi.

Jambo moja ambalo wazazi hawaliulizi: wanaofukuzwa wanakwenda wapi? Nikiwa S.3, muhula wa pili, walikuwa wanaingia wapya katikati ya muhula, na kila mmoja alikuwa na hadithi kwa nini aliacha shule yake. Hakuna aliyeombwa barua. Analipa, anapewa kitanda.

Askari wa Geti

Kijana umepiga penyewe. Ule moto wa Manya polisi waliwashuku wanafunzi waliokuwa wamefukuzwa. Mtoto anatolewa getini na sanduku lake mbele ya wenzake, hakuna mzazi aliyeitwa, hakuna aliyekaa naye chini. Anakaa kwa rafiki mtaani, anaijua shule mpaka shimo la panya.

Mkurugenzi wa Shule

Nakubali hilo la barua. Lakini mjue tulikotoka. Machi 2020 tulifungiwa shule, kabisa au kwa sehemu, mpaka Januari 2022 kwa sababu ya Covid, karibu miaka miwili, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kama sisi. Mwalimu wa serikali alikuwa analipwa nyumbani. Mimi benki haikufunga. Wenzangu wamegeuza madarasa kuwa nyumba za kupanga, mwingine baa. Tulipofungua, kila kitanda kitupu kilikuwa deni, na mtoto anayekuja na karo mkononi unamuuliza barua kwa sauti ya chini sana.

Mwalimu Mstaafu

Angalau umesema. Hapo ndipo tunapopishana wewe na mimi. Wewe unadhani soko linakulazimisha uwe mwangalifu. Mimi naona linakulazimisha uonekane mwangalifu. Serikalini hatuna haja ya kuonekana, kwa hiyo uchafu wetu uko uwanjani, kila mtu anashika pua. Wako uko chini ya zulia. Mzazi akiuona uchafu anaweza kuupigia kelele kwenye kikao cha wazazi, asiouona atauulizaje?

Na hao wasichana waliopata mimba wakati wa Covid, tuliporudi Januari 2022 wizara ilisema wapokelewe. Baadhi ya wakuu wa shule, za makanisa hasa, walisita waziwazi na gazeti likaandika. Binafsi nyingi hazikusita wala hazikukubali. Ziliwaambia nafasi zimejaa.

Mkurugenzi wa Shule

Hilo la mimba kwangu si kweli. Ninao wawili wanaonyonyesha, wanasoma kutwa.

Mwalimu Mstaafu

Basi hongera, nasema kwa dhati. Andika hilo kwenye kipeperushi chako badala ya picha ya basi.

MzaziBusia

Wazee wangu, jana tulikwenda kote kuwili, mimi na mama yake.

Kule binafsi tulipokelewa vizuri mno. Karatasi ya mahitaji kurasa mbili, rimu za karatasi, fagio, jembe, mpaka rangi ya beseni imetajwa. Nikaomba kuona bweni. Mhasibu akacheka kidogo, akasema bweni linaonyeshwa siku maalumu ya wazazi. Mama yake akaomba basi azungumze na matroni. Matroni amekwenda mjini. Nikauliza funguo za usiku anakaa nazo nani, yule dada akamwangalia mwenzake.

Kule serikali geti lilikuwa wazi. Tukaingia, tukapita madarasa, tukatafuta ofisi, hatukuona mtu, tukatokea mpaka kwenye kamba za nguo za wasichana, bwenini kabisa! Hakuna aliyeuliza. Milango miwili, kweli, kama afande alivyosema, komeo za ndani. Ukutani wamepiga rangi namba ya Sauti 116 ya kuripoti mambo ya watoto, hiyo nilipenda. Ndipo akatoka mpishi akatuuliza tunamtafuta nani.

Mama wa Kasese

Wewe mwanaume umefika bwenini kwa wasichana bila kuulizwa, na umekuja hapa kusifia komeo?

MzaziBusia

Sijasifia, mama. Ndiyo maana nimeandika.

Askari wa Geti

Mama ana haki. Mlango mzuri na geti bovu, kule geti zuri na mlango mbovu. Geti ni rahisi kulirekebisha kuliko bweni, kinachotakiwa ni mtu na kiti. Nenda kwenye kikao cha kwanza cha wazazi ulisimamie hilo, wako wengi wanaoliona wakanyamaza kwa sababu mchango utaongezeka.

Mwalimu Mstaafu

Kabla ya kikao, mpigie mwalimu mlezi wa wasichana. Usimpigie mkuu. Muulize kesi ya mwisho aliyoshughulikia iliishaje, bila majina. Akikwambia shule yao haina kesi, kata simu. Na kule binafsi kama mama yake bado anapataka, waombe waraka wa leseni na muulize walimu wangapi wameondoka mwaka jana.

Kijana wa Juzi

Uliza wanafunzi, mzee. Simama kwenye duka la nje ya geti mchana wa Jumamosi, waliotumwa kununua vitu wapo. Mnunulie mmoja mandazi, atakueleza yote.

MzaziBusia

Mama yake hajarudi nyuma kabisa, ila soda imemtoka kichwani. Sasa anataja ya tatu, ya kutwa, hapa Tororo, ana shangazi yake pale wa kukaa na binti. Nimemwambia twende Jumanne bila kupiga simu. Afande, nitapiga picha za milango nilete hapa.

Askari wa Geti

Ya kutwa piga picha za choo na za barabara pia. Na nyumba ya shangazi, uliza nani mwingine analala humo.

Dereva wa Malaba

Matroni amepokea simu. Anasema funguo anazo yeye. Nimemuuliza analala wapi, kakata.